Walitibiwa, Hawakuulizwa: Wagonjwa wa Akili wa Embu na Meru Tangu 1910



Hapa kwetu Majengo, Meru, mtu akifanya jambo la ajabu huambiwa, "Huyu katoroka Mathare." Watoto husema hivyo, wazee husema hivyo, na hata sisi wa baraza ya vijana ulimi huponyoka. Ni mzaha tu, tunajitetea. Lakini yuko kijana mmoja mtaani ambaye neno hilo likitajwa huinuka polepole, akajifanya ana haja ya kwenda dukani.

Mwaka mmoja, katika kumi la kwanza la Ramadhani, kijana huyo aliacha vidonge vyake. Hakuacha kwa ujeuri. Alikuwa ameandikiwa kumeza asubuhi, mchana na usiku, naye alitaka kufunga kama wenzake. Hakumwambia mtu. Kufikia kumi la mwisho akawa halali, anazungumza peke yake, na usiku mmoja akakutwa barabarani akiwa nusu uchi. Nyumbani wakasema ni jini. Akanyweshwa kombe, akasomewa, na mwishowe akarudishwa hospitali akiwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu.

Alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini hakumweleza daktari kwamba anafunga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Sasa ustadh, ningemwambia saa ngapi? Pale unaitwa jina, unapewa karatasi, unaenda dirishani kuchukua dawa. Hakuna aliyeniuliza."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Mwanzoni nilitaka kuilaumu ile kliniki, ambayo siitaji, lakini nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko kliniki moja. Ni desturi yenye umri wa zaidi ya miaka 100, na sisi wa pande hizi za Mlima Kenya tumo ndani yake tangu mwanzo.

SAFARI YA NAIROBI

Waingereza waliitwaa Embu kwa nguvu mwaka 1906. Miaka 2 baadaye, 1908, wakafungua boma Meru chini ya Bwana Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Kabla ya hapo mgonjwa wa akili alikuwa mikononi mwa jamaa zake na waganga, yaani mugaa kwa Wameru na mundu mugo kwa Waembu. Sitaki kupamba mambo ya kale. Wapo waliofungwa kamba na wapo waliofukuzwa. Hata mganga mwenyewe, tuseme kweli, mara nyingi alikiuliza kibuyu chake na kuwauliza jamaa kuliko alivyomuuliza mwenye ugonjwa. Lakini angalau mgonjwa alikuwa kwao, akisikia lugha yake.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni iligeuza majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui jijini Nairobi, ikayafanya nyumba ya wendawazimu. Mwaka 1924 mahali hapo pakapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na si vigumu kukisia ni akina nani waliobanana zaidi. Aghalabu Mwafrika hakufika pale kwa kupenda. Alifikishwa na polisi na hakimu, kwa sababu amevuruga amani mahali fulani. Kutoka Meru ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Fikiria mtu asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, anateremshwa pale na askari, na aliyebaki kueleza habari zake ni karatasi ya askari huyo huyo.

Na haikuwa lazima uwe mgonjwa. Mnamo 1945 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kule magharibi mwa nchi, alitiwa Mathari, akaachiliwa 1947. Alikuwa akiipinga serikali. Mtu akiambiwa kichaa, maneno yake hayana haja ya kujibiwa. Hiyo ndiyo faida yake kwa mtawala.

DAKTARI ALIYEANDIKA JUU YA VICHWA VYETU

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa daktari aitwaye J. C. Carothers. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopokea kazi hiyo, aliyasomea baadaye. Alikaa hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na humo akadai kwamba Mwafrika, kwa namna anavyofikiri, anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ndiyo, ndugu msomaji, umesoma sawasawa. Na kitabu hicho kilisomwa na madaktari ulimwenguni kama elimu.

Sasa tazama jambo hilo lilivyotugusa sisi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Serikali ikamwomba Carothers huyo huyo aeleze Mau Mau ni kitu gani, na ripoti yake ikatoka 1954. Ndani ya fikra hizo Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuwa watu walionyang'anywa ardhi, bali watu wenye akili iliyovurugika. Maofisa walizungumza habari ya Mau Mau kama maradhi yanayohitaji kutibiwa, kiapo kutapikwa, mtu "kurekebishwa". Kambi za Mwea, ambako wafungwa walipigwa ili wakiri, wakati huo zilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Babu zetu wengine walipita humo. Basi usishangae mzee wa Embu akisita kumpeleka mjukuu wake kwa daktari wa akili. Si ujinga wote.

Wakati ule ule wa Carothers kulikuwa na daktari mwingine Mwafrika aliyefanya kinyume chake. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza mpango wa Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa, aliwapangia makao katika vijiji vya jirani, kila mmoja na jamaa wa kumwangalia, wakienda hospitali mchana kutibiwa na kurudi kijijini. Alishirikiana na waganga wa jadi. Ninamtaja kwa sababu wapo wanaodhani zama zile hapakuwa na njia nyingine.

Na msomaji mwingine ataniuliza: mbona husemi habari za maristani za Waislamu? Nazisema. Ile ya Sultani Qalawun ilijengwa Cairo mwaka 1284 ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Ile ya Edirne iliyojengwa 1488 ilisifika kwa sauti ya maji na muziki. Ni fahari, sikatai. Lakini habari za Edirne tunazipata kwa msafiri Evliya Çelebi, aliyepita pale karne ya 17 akatazama na kuandika. Mgonjwa wa Edirne hatumsikii. Tumerithi sifa za jengo, hatukurithi neno lake hata moja.

WODI ZIKASOGEA, MASIKIO YAKABAKI

Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilianza kufungua wodi za akili katika hospitali za nje ya Nairobi, na baada ya muda Embu na Meru nazo zikapata za kwao. Hii ilikuwa hatua kubwa na tusiidharau. Mama wa Runyenjes au wa Nkubu aliweza kwenda kumwona mwanawe akarudi siku hiyo hiyo. Wauguzi wa akili, wachache mno, walibeba mzigo ambao wengi wetu hatungeubeba wiki moja.

Lakini sheria ilibaki kuzungumza juu ya mgonjwa, si na mgonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliunda bodi ya kusimamia huduma. Ndani yake wakawekwa madaktari, mganga wa ngazi ya kliniki, muuguzi, watu wa elimu na wa huduma za jamii, na wajumbe wa mikoa. Wote watu wa maana. Mtu aliyewahi kulala katika wodi hizo hakutengewa kiti. Ni kama kuunda kamati ya maji bila hata mama mmoja anayebeba mtungi.

Uingereza yenyewe jambo hili lilishapigiwa kelele zamani. John Perceval, mtoto wa waziri mkuu aliyeuawa mwaka 1812, alifungiwa katika nyumba za wendawazimu miaka ya 1830. Alipotoka aliandika kila kitu alichotendewa, na mwaka 1845 yeye na wenzake wakaunda chama cha kuwatetea waliofungiwa. Chama cha wagonjwa wenyewe! Miaka 65 kabla ya Mathari kufunguliwa. Waliotuletea hospitali hiyo hawakutuletea habari hizo.

WALIPOANZA KUULIZWA

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulianza kufunguka mwishoni mwa karne iliyopita. Uganda ilitangulia: chama cha Mental Health Uganda kiliundwa 1997 na watu wanaoishi na magonjwa ya akili pamoja na jamaa zao. Mwaka 2005 watu wa namna hiyo kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kampala wakaunda mtandao wao. Kenya wakafuata kwa kuunda Users and Survivors of Psychiatry in Kenya mwaka 2007, na vikundi vyake vya kusaidiana vikaanza kukutana. Mtu mwenye ugonjwa anaketi na mwenzake mwenye ugonjwa, wanaelezana dawa gani inatetemesha mikono, ni nani aliyefukuzwa kazi, na namna ya kumjibu daktari anayekukatiza maneno.

Upande wetu wa mlima, shirika la BasicNeeds, lililoanza kazi Kenya mwaka 2005, lilifika Meru Kusini, yaani kule Chuka na Chogoria ambako leo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi. Sifa ya mpango wake ilikuwa moja: kazi huanza kwa kikao cha kuwasikiliza wagonjwa wa akili, wenye kifafa na wanaowatunza, kabla ya kuamua lolote. Na watu hao wakiulizwa, aghalabu hawaombi mambo makubwa. Wanaomba dawa ipatikane karibu, isiwe nauli ya matatu inazidi bei ya dawa. Wanaomba kazi. Ndiyo sababu mpango ule uliweka kipato sambamba na matibabu: vikundi, kilimo, ufugaji, biashara ndogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu 203 wa vijijini Kenya waliokuwa katika mpango huo kwa muda wa karibu miaka 2, ukaona kwamba afya yao, maisha yao na uwezo wao wa kujipatia riziki viliboreka. Daktari peke yake asingefikiria kuku. Mgonjwa alifikiria.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yakawa shwari. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, mkataba ambao watu wenye magonjwa ya akili walishiriki kuuandika, na katiba ya 2010 ikataja ushiriki wa wananchi kuwa nguzo ya utawala. Hata hivyo mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi huduma za akili zilivyotelekezwa nchini. Na Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mpigo. Nchi nzima ilicheka. Sisi pia tulicheka, nakumbuka, kwenye baraza hii hii. Hakuna aliyesema: watu 40 wakikimbia mahali kwa pamoja, huenda wana neno.

Mwaka huo huo wa 2013 hospitali za Embu na Meru ziliingia mikononi mwa serikali za kaunti. Mambo yaliyokuwa yakiamuliwa Nairobi sasa yakawa yanaamuliwa karibu na kwetu, na bajeti inajadiliwa katika vikao vya wananchi. Nimehudhuria vichache. Barabara hutajwa, bwawa hutajwa, basari hutajwa. Wodi ya akili sijaisikia ikitajwa, na sijawahi kumwona mtu akisimama kusema, "Mimi nililala pale, na shida ni hii." Nani atasimama, na mtaa mzima upo?

Jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilizunguka kupokea maoni, na ripoti yake ya 2020 ikapendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la dharura. Kisha Juni 2022 ikaja sheria ya kurekebisha ile ya 1989. Hapa, ndugu msomaji, tulia kidogo, kwa sababu hii inakuhusu wewe mwenye kaka au shangazi ndani ya nyumba. Sheria hiyo inampa mgonjwa haki ya kuelezwa, haki ya kukubali au kukataa tiba, na haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake mwenyewe. Inazitwika serikali za kaunti jukumu la huduma hizi na inaweka mabaraza ya afya ya akili katika kaunti. Yaani yule kijana wetu, kuulizwa kama anafunga si hisani ya muuguzi mwenye moyo mwema. Ni haki yake.

Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2, kinapingana na katiba. Waliopeleka kesi hiyo ni KNCHR, chama cha madaktari wa akili, na mwananchi mmoja aliyesimama kama mtu anayeishi na ugonjwa wa akili. Aliyetibiwa na wanaotibu, upande mmoja wa meza. Sijui jambo kama hilo katika miaka yote 90 ya mwanzo ya Mathari.

MUGUKA, NA KITI KITUPU

Nimalizie na jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji, maana wapo wanaokula kwalo. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, ambao hulimwa Embu, akisema unaharibu vijana wa Pwani, na kaunti nyingine za huko zikamfuata. Wakulima wa Mbeere wakapaza sauti, viongozi wa Embu wakaenda kwa Rais, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Wafanyabiashara walisikika, magavana walisikika, maimamu walisikika. Kila kiti kilikuwa na mtu.

Kijana aliyetafuna muguka au miraa mpaka akaanza kusikia sauti, akalazwa, akapona, hakuitwa. Naye ndiye angetuambia kilichomfikisha pale: kama ni muguka wenyewe, au ukosefu wa kazi, au usiku mrefu wa kuendesha gari, au ugonjwa uliokuwamo tangu zamani. Nimewauliza wawili. Mmoja anataka marufuku leo hii. Mwingine anasema marufuku yangempeleka kwenye kitu kibaya zaidi, na kwamba alichokosa ni mahali pa kwenda alipotoka wodini. Sijui yupi ana haki. Najua tu kwamba wote wawili wanajua zaidi yangu.

Ama kijana wetu wa mwanzo, bado yuko Majengo. Mwezi wa Shaabani alikwenda kliniki na wenzake watatu aliofahamiana nao kwenye foleni ya dawa. Waliingia pamoja, jambo ambalo muuguzi hakulipenda mwanzoni, wakasema Ramadhani inakaribia na wanataka kujua kila mtu afanye nini. Daktari akaitwa. Wawili walibadilishiwa saa za dawa, zikawa usiku. Kijana wetu alibadilishiwa dawa yenyewe, ikawa ya mara moja kwa siku, na akaambiwa arudi baada ya wiki mbili ili aangaliwe. Wa nne aliambiwa kwamba dawa yake haivumilii mtu kukaa kutwa bila maji, na kwamba asifunge. Alinung'unika sana njiani, lakini alikubali, kwa sababu safari hii alielezwa sababu.

Waliporudi waliomba nafasi katika baraza yetu ya Jumapili wazungumze na wazazi. Wazee wawili walipinga, wakasema ni aibu kwa familia. Tumejadiliana, na tumewapa Jumapili ya pili ya Ramadhani, baada ya Alasiri. Watakaozungumza ni wao wenyewe. Sisi wa kamati tutapanga mikeka.